Unganisheni timu ya kwanza, vijiji viacheni na timu zao

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Timu mbili za kijiji zikishindwa kujikimu, je, ziungane ziwe moja, au kila moja ipambane na hali yake?" Jibu langu ni kwamba ziungane, lakini muungano uishie kwenye timu ya kwanza, ile inayosajiliwa ligini na kupanda matatu kwenda ugenini. Chini yake kila kijiji kibaki na timu yake, jina lake, uwanja wake na watoto wake. Muungano unaomeza kila kitu huua mpira wa mashinani, na sisi wa Magharibi na Nyanza, hapa Kenya, tuna historia ndefu ya kutufundisha hilo kama tutakubali kuitazama.

Mimi ni mtu wa Khwisero, na kwa miaka mingi nilikuwa mweka hazina wa timu ya kijiji. Ni kazi ya kuzunguka sokoni siku ya mechi ukitafuta pesa za marefa na nauli ya wachezaji, kwa hiyo suala hili nimelijua kwanza kupitia mfuko.

Mpira wenyewe huku kwetu ulianzia shuleni. Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakwaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, Shule ya Maseno ikaanzishwa mwaka 1906, na vijana waliosoma katika shule za namna hiyo walirudi nyumbani na mchezo wakaupeleka malishoni. Baadaye vijana haohao walitoka kutafuta kazi: reli, mashamba ya chai ya Kericho, majumba ya Wazungu, viwanda vya Nairobi. Mjini, mtu aliyetaka kucheza Jumapili alitafuta watu wa kwao. Ndivyo zilivyotokea timu zenye majina ya lokesheni zetu, yaani maeneo ya utawala tunakotoka: Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki, Bukhayo, Samia. Usidhani zilikuwa timu za mpira tu. Waliokusanyika kumshangilia winga wao ndio haohao waliochanga mtu wa kwao akifariki, maiti isafirishwe nyumbani. Ikifika Desemba watu walishuka kwenye gari moshi la Butere wakiwa na jezi mikobani, na mechi zikaendelea kijijini hadi Mwaka Mpya.

Sasa tazameni jinsi miungano ilivyofuatana. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963 na bingwa wa kwanza akawa Nakuru All-Stars. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli mjini Nakuru, na hadi anazeeka aliutaja ubingwa ule kama mtu anayetaja mazao ya shamba lake mwenyewe. Mwezi Machi 1964 vilabu vya Waluhya vilikubali kuungana, ikazaliwa Abaluhya United. Mwaka huo ubingwa ulichukuliwa na Luo Union, na uliofuata ukaenda pwani kwa Feisal ya Mombasa. Kisha Abaluhya wakautwaa mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Tarehe 17 Februari 1968 Luo Union na Luo Stars nao wakaungana, wakaiita timu yao Gor Mahia, jina la mganga maarufu wa kale wa Kanyamwa, na msimu huohuo wakawa mabingwa. Sioni hilo kama bahati. Upande mmoja ulipokusanya nguvu zake pamoja, upande wa pili uliona hauna njia isipokuwa kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo anayesema muungano hauna faida hajui ngazi hii ya mpira. Joe Kadenge, ambaye jina lake Leonard Mambo Mbotela alilitangaza redioni hadi "Kadenge na mpira" ikawa kauli ya kila mtoto aliyepiga mpira wa karatasi, aliichezea Maragoli United kabla ya kung'aa na Abaluhya. Timu ya lokesheni ilimlea. Timu ya muungano ilimpa jukwaa. Gor Mahia nayo iliendelea hadi ikatwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, kwa faida ya mabao ya ugenini. Hakuna timu ya lokesheni moja, iwe ya Alego au ya Marama, ambayo ingefika huko peke yake.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa miungano hulipita haraka. Luo Union haikufa mwaka 1968. Jina lile lilirudi uwanjani, mwaka 1975 likachukua ubingwa wa Kenya, na mwaka 1976 na 1977 likachukua ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Hebu fikirini: klabu iliyokwisha kuunganishwa na nyingine, imerudi na kutawala ukanda mzima kwa miaka miwili. Mimi nasoma hapo kwamba klabu ina watu wasioweza kufutwa kwa sahihi za viongozi. Ukiwapa nafasi ndani ya nyumba mpya watakaa, na ukiwanyima watajenga ya kwao. Hata serikali ilipopiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, Luo Union wakalazimika kuitwa Reunion na Abaluhya wakawa AFC Leopards, mashabiki walihama na timu zao. Leo hakuna anayemwita Ingwe, kama mashabiki wanavyoiita AFC Leopards, kwa jina la ushirika lile la "All Footballers Co-operative" lililobandikwa wakati huo, ila watu ni walewale, na watoto wao, na wajukuu wao.

Jeshi ni habari nyingine. Timu za kambi mbalimbali ziliunganishwa katikati ya miaka ya 1990 ikawa Ulinzi Stars, ikaweka makao Nakuru na kubeba ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 2003. Ulikuwa muungano wa amri, wenye mshahara kila mwisho wa mwezi na mabasi. Wanaoutaja kama mfano kwa vijiji wanasahau kwamba kijijini hakuna amri. Kuna kuombana tu.

Nije sasa kijijini, maana swali lenu ni la huko.

Kwetu zilikuwepo timu mbili, moja upande wa juu wa mto na nyingine upande wa chini. Zote mbili zilikuwa zikitoa vijana wazuri na zote zilikuwa hoi kifedha. Mwaka mmoja, karibu na uchaguzi, akaja mtu mwenye uwezo, akasema atatoa jezi, mipira na nauli ya msimu mzima mradi ziwe timu moja. Wazee walikubali kwa siku moja. Nakumbuka jinsi watu walivyofurahi, na furaha ile haikuwa ya bure, kwa sababu msimu wa kwanza tuliwafunga watu ambao hatukuwahi kuwagusa.

Hesabu ya muungano, hata hivyo, ni ngumu kuliko inavyoonekana. Timu mbili zina makipa wanne, anayesimama golini ni mmoja. Zina makocha wawili, na mmoja atageuka msaidizi wa mwenzake aliyekuwa mpinzani wake tangu ujana. Kwenye benchi wanakaa vijana ambao juzi walikuwa manahodha. Uwanja ukichaguliwa wa juu, akina mama wa chini waliokuwa wakiuza maandazi na chai pembeni ya uwanja wao wanapoteza kipato cha Jumapili, na watoto wa chini hawaoni mechi tena. Hili la watoto ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto wa miaka minane hatembei kilomita nne kwenda kutazama mazoezi. Anajifunza kwa kuokota mpira nyuma ya goli la nyumbani kwao, kwa kumjua beki wa kushoto kwa sababu ni jirani, kwa kuitwa siku moja kujaza nafasi wachezaji wakipungua. Uwanja ukinyamaza, mnyororo huo unakatika, na hakuna mfadhili anayeweza kuuunga kwa jezi.

Uchaguzi ulipita, ahadi nayo ikapita. Timu ya muungano haikuweza kusafiri. Walipotaka kurudi kwenye timu zao za zamani, jezi za zamani zilikuwa zimechakaa, vitabu vya usajili havikujulikana viko kwa nani, na nafasi ligini ilikuwa moja tu. Kila upande ulidai ni yake. Leo upande wa chini hauna timu. Vijana wake wako kwenye bodaboda, na Jumamosi mchana wanakaa kwenye vibanda vya kubeti wakijadili mpira wa Uingereza. Simlaumu mtu kwa hilo isipokuwa jinsi muungano ulivyofungwa: ulizima taa mbili ukawasha moja.

Kinyume chake nimekiona upande wa Luanda, ile ya Vihiga. Pale timu tatu, ya sokoni, ya kanisani na ya upande wa reli, zilikubaliana kuweka kikosi kimoja cha ligi. Hakuna iliyovunjwa. Kila moja inaendelea na vijana wake wadogo na mechi zake za kirafiki. Kikosi cha ligi kinachagua kutoka zote tatu, mechi za nyumbani zinazunguka kwenye viwanja vyote, na asiyechaguliwa wiki hii anarudi kuchezea timu yake ya kwao badala ya kukaa nyumbani amenuna. Ikija Desemba zinapigana zenyewe kwa zenyewe kugombea mbuzi, na hapo ndipo kocha wa kikosi cha ligi anapata macho mapya. Hawana mfadhili mkubwa. Wana mchango mdogo wa kila mwezi kutoka kila upande na daftari linalosomwa hadharani.

Wapo watakaosema kuendesha timu ya ligi na timu za vijiji kwa pamoja ni gharama mara mbili. Nimeshika pesa hizo, najua si kweli. Kinachokausha mfuko ni ligi: usajili, ada ya marefa, nauli ya kutoka Khwisero hadi Busia au Bungoma, chakula cha njiani. Timu ya kijiji inayocheza na jirani inahitaji mpira mmoja, filimbi na mwalimu mkuu mwenye moyo wa kuruhusu uwanja wa shule. Unganisheni kile kinachogharimu. Kile kinachoishi kwa mapenzi ya watu kiacheni kiishi.

Tena msikubali jina la mmoja limfunike mwingine. Waliounganisha mwaka 1968 walichukua jina ambalo halikuwa la timu yoyote kati ya zile mbili, na naamini ni moja ya sababu zilizolifanya lipendwe mapema. Rangi pia ziwe mpya. Mwenyekiti akitoka juu, mweka hazina atoke chini, na mwaka unaofuata wabadilishane.

Kwa wasomaji walio katikati ya mazungumzo haya sasa hivi, na najua mko wengi, fanyeni mkutano Desemba watu wa mjini wakiwa nyumbani, kwa sababu wao ndio watakaotuma pesa mwezi wa Machi na hawatachangia walichosikia kwa simu tu. Isajilini klabu mpya kwa msajili wa michezo kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka, ili isiwe mali ya anayeshika begi la jezi. Mfadhili akija, apokewe kwa heshima na aandikiwe risiti, lakini asipewe kiti cha kuamua nani anacheza. Na katika katiba andikeni mapema, wakati bado mnapendana, kwamba mkitengana nafasi ya ligi itakwenda kwa nani, jezi zitagawanywaje, na deni lililobaki atalilipa nani. Kwetu kipengele hicho hakikuwepo, na shauri la jezi ishirini lilifika hadi kwa chifu.