Uzamili juu ya dubu wa Nandi? Badilisha kichwa kwanza

Usipeleke hilo pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu dubu wa Nandi, yule mnyama wa ajabu anayesimuliwa magharibi mwa Kenya bila kuthibitishwa. Kichwa umekiandika "Uthibitisho wa Kuwepo kwa Dubu wa Nandi", halafu unatuuliza ununue kamera gani, ufadhili utoke wapi na kama kuna kazi baadaye. Kamera! Mimi nilikopa sacco, nikazifunga kwenye miti ya msitu wa Nandi Kusini, nikapata picha za fisi, ng'ombe, na kisogo cha jamaa aliyekuwa akiziiba.

Hiyo ilikuwa hasara ndogo. Kilichonimaliza ni kichwa kama hicho chako. Ukiahidi kuthibitisha mnyama na mnyama asionekane, huna matokeo, huna tasnifu. Msimamizi wangu alilijua hilo vizuri. Alinihimiza, "andika tu, ni jambo jipya", akatia sahihi kila sura. Siku ya kutetea, mtahini aliponibana, bwana mkubwa akainamia simu yake kana kwamba tumekutana kwenye matatu. Nikaambiwa nianze upya: mada upya, karo upya, na sacco wanaendelea kukata mshahara. Yeye siku hizi ni profesa.

Na huyo mzungu unayesema anakuomba umtumie nywele za mnyama huyo "azipime"? Hata mimi nilikuwa na wangu. Mwaka 2014 Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, alichapisha vipimo vya nywele zilizodaiwa kuwa za yeti, yule mtu-nyani wa Himalaya, na wenzake. Zikatoka dubu, farasi, ng'ombe. Ng'ombe tunao, ndugu yangu.

Halafu dubu gani? Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa mwituni. Geoffrey Williams aliandika habari za mnyama asiyejulikana wa Uasin Gishu mwaka 1912, na walowezi wakakazana na dubu wao. Lakini Hollis, afisa wa kikoloni, kwenye kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, alishaeleza chemosit, zimwi la Wanandi anayehusishwa na huyo dubu, anavyosimuliwa: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo unaong'aa usiku. Hayo makalio tisa kamera yako itayapiga kutoka upande gani?

Soma kitu chenye mfupa. Heuvelmans, anayeitwa baba wa fani hii ya kusaka wanyama wasiothibitishwa, alipata udaktari wake kwa kuchunguza meno ya muhanga. Jeff Meldrum wa Idaho, msaka Bigfoot, yule mtu-nyani wa Marekani, alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mguu na mwendo. Grover Krantz alikuwa mwanaanthropolojia kamili, na bado Bigfoot alimcheleweshea vyeo. Mwishowe mifupa iliyoingia makumbusho ya Smithsonian ni yake mwenyewe na ya mbwa wake.

Kwa hiyo andika jinsi fisi na wafugaji wanavyoishi kando ya msitu, au masimulizi ya chemosit kwa wazee wa Kapsabet. Dubu mpe sura moja, ya mwisho. Hata leseni ya utafiti ya NACOSTI utaiomba bila aibu. Na kama bado hujamjibu yule wa nywele, usimjibu.