Barua kwa mwanangu: mwenye kura nyingi anavyoweza kushindwa Marekani

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na swali nimelielewa. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 3 zaidi ya Donald Trump, na bado aliyeapishwa ni Trump. Wenzako chuoni wanakujibu kwamba Katiba yao ndivyo inavyosema, basi. Wewe unataka kujua nani alitaka iwe hivyo, na kwa nini mpaka leo haijabadilishwa.

Ukitaka kuielewa Katiba ile, isome kama mapatano ya majimbo. Wananchi wamo, lakini waliokaa mezani kuvutana yalikuwa majimbo, na kila moja lilikataa kuondoka mikono mitupu.

Kabla yake kulikuwa na Mkataba wa Shirikisho, ulioridhiwa na majimbo yote 13 Machi 1781. Ulifanana na kikundi cha kuweka na kukopa ambacho daftari lake linasema kila mwanachama atoe mchango, ila hakuna mwenye mamlaka ya kumfuata asiyetoa. Kongresi, yaani bunge la taifa, haikuweza kutoza kodi, iliomba tu. Rais mtendaji hakuwepo, mfumo wa mahakama za taifa haukuwepo. Kila jimbo lilikuwa na kura 1, Virginia yenye watu wengi kuliko wote sawa na Delaware ndogo. Jambo kubwa lilihitaji majimbo 9, na kuugusa Mkataba wenyewe kulihitaji yote 13. Hapo ndipo ulipovunjikia. Deni la vita ya uhuru lilikuwa shingoni, Kongresi ikaomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, Rhode Island ikakataa mwaka 1782 na mpango ukafa. Ukaletwa mpango mwingine, safari hii New York ikaukwamisha. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengine wao askari wa vita ile ile, walielemewa na madeni na kodi, wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu. Serikali kuu haikuwa na fedha za kupeleka jeshi. Jeshi lililowatawanya lililipwa kwa michango ya matajiri wa Boston.

Ndiyo maana wajumbe wakakutana Philadelphia kuanzia Mei 25 hadi Septemba 17, 1787. Walihudhuria 55 kwa nyakati tofauti, kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Walitumwa kuurekebisha Mkataba, lakini waliingia ndani, wakafunga milango, wakaapizana kutunza siri, na wakatoka na kitu kipya kabisa. Mimi siwalaumu kwa siri ile. Mtu anayejadiliana hadharani huona aibu kubadili msimamo, na bila watu kubadili misimamo mkutano ule ungevunjika Juni.

Kila mwamba ngoma alivutia kwake. Majimbo makubwa yalitaka viti vya bunge vigawanywe kwa idadi ya watu. Madogo yalitaka usawa kama zamani. Julai 16 yakapitishwa mapatano: Kongresi iwe na mabunge mawili, Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti iwe na viti viwili kwa kila jimbo. Kura zilikuwa majimbo 5 dhidi ya 4, wajumbe wa Massachusetts wakiwa wamegawanyika katikati. Jimbo moja tu lingegeuka, leo usingekuwa na swali la kuniuliza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kusini walitaka watumwa wahesabiwe katika idadi ya watu ili wapate viti vingi, ingawa watumwa hao hawakuwa na kura wala haki yoyote. Wakakubaliana kila watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3. Kumbuka hesabu hii, maana inarudi kwenye urais.

Kumpata rais kuliwasumbua kuliko jambo lolote. James Wilson wa Pennsylvania alitaka wananchi wamchague moja kwa moja, likaangushwa. Zaidi ya mara moja walikubaliana achaguliwe na Kongresi, kisha wakarudi nyuma, kwa kuwa rais wa namna hiyo angeishi kuwabembeleza waliompa kazi. James Madison, mjumbe wa Virginia, alikiri kwamba kura ya wananchi ndiyo njia inayofaa zaidi, lakini akaeleza kikwazo: Kusini ingepoteza, kwa sababu watumwa wake wasingepiga kura. Septemba 4, mkutano ukikaribia kwisha na watu wamechoka, kamati ya wajumbe 11 ikaleta dawa: kila jimbo lipate wajumbe maalumu wa kumchagua rais, idadi yao ikiwa sawa na wawakilishi wake ukijumlisha maseneta wake wawili. Kwa mpigo mmoja majimbo madogo yakabeba usawa wa Seneti, na Kusini ikabeba watumwa wake, yote ndani ya urais. Katika miaka 36 ya mwanzo, miaka 32 Ikulu ilishikwa na watu wa Virginia waliomiliki watumwa.

Leo hesabu inakwenda hivi. Wawakilishi 435, maseneta 100, na wajumbe 3 wa mji mkuu Washington walioongezwa na Marekebisho ya 23 mwaka 1961: jumla 538. Mshindi anahitaji 270. Wyoming ina watu wasiofika 600,000 na wajumbe 3, yaani mjumbe mmoja kwa watu kama 192,000. California ina watu zaidi ya milioni 39 na wajumbe 54, mjumbe mmoja kwa watu kama 732,000. Watu wakiona hayo husema basi, Wyoming ndiyo iliyompa Trump urais. Hapana. Ukivitoa vile viti viwili vya Seneti kwa kila jimbo, mwaka 2000 George W. Bush angeshindwa na Al Gore, lakini 2016 Trump angeshinda vilevile.

Kilichoamua 2016 ni kanuni nyingine, na hiyo haimo ndani ya Katiba. Katiba inasema bunge la kila jimbo litaamua wajumbe wapatikane vipi. Majimbo 48 yameamua kwamba anayeongoza, hata kwa kura moja, anazoa wajumbe wote wa jimbo. Ni Maine na Nebraska tu yanayogawa sehemu kwa wilaya za uchaguzi. Trump aliongoza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ambazo ukizijumlisha hazifiki kura 80,000, na akazoa wajumbe wote 46 wa majimbo hayo. Clinton alirundika mamilioni ya ziada California, ambako kura ya ziada haina kazi ikishapita ya ushindi. Bush naye alipata Florida mwaka 2000 kwa kura 537, na kwa kura hizo akachukua wajumbe 25.

Mwanzoni kila mjumbe aliandika majina mawili bila kutenganisha rais na makamu. Ilifanya kazi kwa rais wa kwanza, George Washington, kwa sababu hakuwa na mpinzani. Vyama vilipozaliwa ikaharibika: mwaka 1800 Thomas Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr walifungana kura 73 kwa 73, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 ndipo likampata Jefferson. Marekebisho ya 12 ya mwaka 1804 yakatenganisha kura hizo mbili. Lakini yaliacha kanuni moja ya hatari: asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura za wajumbe, Baraza huchagua kati ya watatu wa juu, na kila jimbo lina kura 1. Mwakilishi mmoja wa Wyoming ni sawa na wale 52 wa California, na anayefikisha majimbo 26 ndiye rais. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura za wananchi na za wajumbe, akakosa wingi huo, na Baraza likampa John Quincy Adams.

Wajumbe hukutana Desemba, kila kundi katika jimbo lake, kisha Kongresi huhesabu Januari 6 na rais huapishwa Januari 20 saa sita mchana. Baada ya vurugu za Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipolivamia jengo la Kongresi kura zikihesabiwa, sheria ya 2022 ilikaza kuhesabu huko: makamu wa rais hana uwezo wa kukataa kura, na pingamizi halisikilizwi mpaka liungwe mkono na moja ya tano ya kila bunge. Zamani mbunge mmoja na seneta mmoja walitosha.

Uliuliza kwa pembeni kwa nini serikali yao hufungwa wakati yetu haifungwi. Waziri wa kwetu Tanzania ni mbunge. Kule Katiba inakataza mtu kushika vyote viwili, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2010. Rais wa Marekani hawezi kulivunja Bunge, na Bunge haliwezi kumtoa kwa kukosa imani naye. Njia iliyopo ni Baraza kumshtaki kwa wingi wa kawaida na Seneti kumtia hatiani kwa theluthi mbili, na hakuna rais aliyewahi kutiwa hatiani. Fedha haitoki hazina bila sheria, na sheria inahitaji mabunge yote mawili pamoja na sahihi ya rais, au theluthi mbili za kila bunge kulivuka katazo lake. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1. Wakishupaliana tarehe ikapita, ofisi zisizo za lazima zinafunga, na hakuna anayeweza kuitisha uchaguzi mpya ili mkwamo ukatike. Kuanzia Desemba 2018 walikaa hivyo siku 35.

Sasa la kubadilisha. Ibara ya Tano inataka pendekezo lipite kwa theluthi mbili katika kila bunge, au mkutano uitishwe na majimbo 34, njia ambayo haijawahi kutumika. Kisha robo tatu ya majimbo yaridhie: 38 kati ya 50. Maana yake majimbo 13 yanatosha kuzuia, hata yawe yale madogo kuliko yote. Kuna zaidi: ibara hiyo hiyo inasema jimbo halitanyang'anywa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kura ya moja kwa moja kwa wingi mkubwa. Mwaka uliofuata ikafia Seneti, wapinzani wakiurefusha mjadala mpaka ukashindikana kufungwa. Katiba nzima imebadilishwa mara 27 tu, na 10 za mwanzo zilikuja kwa pamoja 1791, zikiwa deni la ahadi walizopewa waliosita kuiridhia.

Wajanja wamepata mlango wa nyuma. Kwa kuwa bunge la jimbo ndilo linaloamua wajumbe wapatikane vipi, baadhi ya majimbo yametunga sheria ya kumpa wajumbe wao yule atakayeongoza nchi nzima, ila isianze kutumika mpaka majimbo yaliyojiunga yafikishe wajumbe 270. Maryland ilitangulia 2007, na kufikia 2024 walikuwa wamefika 209. Mimi nina shaka nayo. Siku ikianza kutumika itafikishwa mahakamani asubuhi yake, kwa hoja kwamba majimbo hayaruhusiwi kufunga mikataba ya namna hiyo bila idhini ya Kongresi.

Usiniamini tu. Katiba yao ya awali ina maneno yasiyozidi 5,000 na unaimaliza jioni moja. Soma Ibara ya Pili sehemu ya kwanza, uruke mpaka Marekebisho ya 12, kisha urudi Ibara ya Tano. Ukikuta maneno “watu wengine wote” katika Ibara ya Kwanza, ujue hao ndio watumwa. Waliona haya kuliandika jina lenyewe.

Baba yako anakusalimu, na wadogo zako pia.

Mama yako