Barua kwa Furaha, kuhusu ule ukurasa mweupe

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu Furaha,

Sauti yako ya Ijumaa nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nje karibu na tenki la maji, mbali na kelele za wadogo zako. Unasema staji yako ya ualimu imekwisha, wiki sita za kujizoeza katika materneli, shule ya watoto wadogo, hapo Bukavu, na sasa msimamizi anataka ripoti: uandike ufundi ulioupata. Siku mbili umekaa mbele ya karatasi na bado ni nyeupe. "Mama, nimepangusa kamasi, nimefunga viatu, nimeimba. Kila dada mkubwa anafanya hivyo nyumbani bila kufundishwa na mtu. Wewe ulipata nini kwenye mafunzo ambacho hukuwa nacho ulipotulea sisi wanne?"

Swali hilo sikutaka kulijibu kwa simu, salio likikatika katikati. Nimesubiri nyumba ilale.

Wewe ulikuwa humanite ya pili, huko sekondari, nilipoingia mafunzo ya ualimu wa materneli. Shangazi yako aliniuliza mbele ya wageni: mwanamke aliyelea wanne anakwenda kufundishwa kulea? Nilinyamaza, maana moyoni niliona ana haki. Nilidhani nafuata karatasi tu, ili shule inipokee.

Mwezi wa kwanza kila mmoja wetu alipewa daftari, tukatumwa darasani tukae pembeni. Tusimguse mtoto, tusiseme neno, tuandike tu. Nilirudi na ukurasa mmoja: huyu mkaidi, huyu mvivu, huyu ana akili. Mama aliyekuwa akitufundisha alisoma, akaniuliza polepole, "Huu ukaidi uliuona kwa jicho, au ulikuja nao kutoka nyumbani?" Akanirudisha niandike upya, safari hii yale tu ambayo hata mtu asiyemjua yule mtoto angeyaona akisimama pale nilipokaa. Nilikasirika sana, Furaha. Lakini nilipokaa tena sikuwa na la kuandika, na hapo nikaogopa. Watoto arobaini mbele yangu, na nilikuwa sijaona hata mmoja.

Ufundi wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa, ni huo: kutazama kabla ya kusema, kuuzuia mkono kabla haujafika kwa mtoto. Mama nyumbani hana nafasi hiyo. Maji yanachemka, makaa ya kupikia yanaisha, mtoto analia. Unaamua kwa sekunde moja kwamba ana njaa au ana kiburi, na maisha yanaendelea. Simlaumu mama yeyote. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeishi na watoto miaka kumi na sita kabla ya mtu kunifundisha kuwatazama.

Nikuonyeshe ilivyonisaidia. Unakumbuka Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu upande wa volkano yetu ya Nyiragongo na wewe ukabeba godoro la mdogo wako kichwani. Moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku baada ya siku, na tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, tukashika njia ya Sake. Shule zilipofunguliwa tena, mimi nilikuwa staji katika darasa la watoto wa miaka minne. Palikuwa na mtoto mmoja wa kiume, hachori, haimbi, mkoba haumtoki mikononi. Wenzake wote walitundika mikoba kwenye misumari ukutani. Mwalimu wa darasa alikuwa amechoka naye. Alitaka tumnyang'anye azoee. Nikaomba siku tatu. Hivi ndivyo nilivyoandika, nakunakilia:

"Jumatatu. Amekaa kwenye benchi la mlangoni. Mkoba uko magotini, mikono miwili juu yake. Lori limepita barabarani, madirisha yametikisika. Ameinama, ameweka kiganja sakafuni, ameangalia mlango. Hakulia.

Jumanne. Wenzake wanaimba. Midomo yake inatembea, sauti haitoki. Amefungua mkoba, ametoa vitu kimoja kimoja: shati, kikombe, nusu ya mkate. Amevirudisha, ameufunga.

Jumatano. Lori tena. Kiganja sakafuni tena."

Yule mtoto hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa zamu. Asubuhi nzima alikuwa akiilinda ile kalasi yetu, amefungasha nguo na kikombe, amekaa mlangoni, anapima ardhi kwa mkono wake. Sisi tulikuwa tunataka kumpokonya kitu pekee kilichomwezesha kukaa shuleni.

Nilihamisha kiti changu kikawa karibu na mlango. Mkoba tukamwachia. Lori likipita nami niliinama, nikaweka kiganja sakafuni kando ya chake, nikasema, "Hili ni lori." Basi. Wiki ya pili ilipokuwa inaisha aliusukuma mkoba chini ya benchi kwa mguu, akanyoosha mkono kuomba kalamu ya rangi. Nilitoka nje nikajipangusa macho na pembe ya kikwembe.

Wakati huo huo, uwanjani watoto walikuwa wanacheza volkano. Mmoja anapiga kelele "Inakuja!", wote wanakimbia na makatoni kichwani, ndiyo magodoro. Mwalimu alitaka kuukataza mchezo huo, akisema wataota usiku. Na mimi kabla ya mafunzo ningeukataza. Lakini tulifundishwa kwamba katika mchezo mtoto ndiye anayeishika volkano. Anaiamuru ianze, anaiamuru isimame. Kazi ya mtu mzima ni kuangalia kama mchezo unasogea. Ukiona mtoto anarudia kipande kile kile kila siku, uso umekaza, hapati njia ya kutoka wala hapati nafuu, huyo anahitaji msaada zaidi ya wako, na unatafuta mtu. Ukiona mchezo unabadilika, waache. Siku moja msichana mdogo alisimama katikati ya uwanja akatangaza, "Imezimika. Turudi, tupike sombe." Wakaketi juu ya yale makatoni wakapika mchanga.

Kuna mama daktari wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto wa mtaa wa maskini kule Roma mwaka 1907. Nilipenda kusikia kwamba alikuwa daktari, kwa sababu nilielewa tabia yake: daktari hutazama mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Sisi walimu mara nyingi tunatoa dawa kwanza.

Kuna la hesabu, na hili lilinishangaza kuliko yote niliyosoma. Nilidhani mtoto anayetaja namba mpaka ishirini anajua kuhesabu. Mwekee mbele yake mawe saba, haya meusi yetu ya volkano. Kidole kinakimbia, mdomo unakimbia, havikutani. Jiwe moja linapata namba mbili, jingine linarukwa. Amalizapo umwulize, "Ni mangapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu… Bado hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jina la rundo zima. Alichokuwa nacho ni wimbo. Kwa hiyo tulitafuta trei za mayai, jiwe moja kwa kila tundu, pole pole, jiwe na neno vikitembea pamoja. Utaona siku ambayo mtoto anafika tundu la saba, ananyamaza, anainua uso na kukuambia "Saba" kama mtu aliyegundua ziwa. Wewe uliimba namba wiki sita, sawa. Je, uliona nani aliyekuwa anaimba na nani aliyekuwa anahesabu? Kama uliona, hata kwa mtoto mmoja, andika hilo.

La lugha utakuwa umelipata hata huko. Hapa darasani wanaingia na Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Mashi, Kihavu, na Kiswahili cha mtaani kinawaunganisha. Wazazi wanasema, "Tunalipa minervali, ada ya shule, asikie Kifaransa." Nawaelewa, pesa hiyo inatoka kwenye jasho, tena ile elimu ya bure ya mwaka 2019 ilihusu shule ya msingi, si sisi wa materneli. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayeambiwa "assieds-toi", yaani keti, na asielewe hajifunzi Kifaransa, anajifunza kwamba maneno ya mwalimu hayana maana. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za nchi nafasi ya kufundishia, na mimi naishikilia. Nilijifunza kumweleza mzazi bila kubishana naye: namwita, namwonyesha mtoto wake akisimulia kwa Kiswahili safari ya kwenda ziwani kuchota maji, mwanzo mpaka mwisho. Kisha namwambia kwamba mtoto anayejua kupanga habari kwa lugha yake ataipanga na kwa Kifaransa. Wengi wanaondoka wamepoa.

Mambo ya sauti, ya kunawa mikono, ya kupanga wimbo wa kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, hayo utayaandika mwenyewe, uliyafanya. Nitasema moja tu: darasa likipiga kelele, shusha sauti yako. Ukipandisha, watapandisha.

Sasa naja kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Katikati ya mafunzo tulikuwa na somo la mikono: jinsi mtoto anavyoshika kalamu, jinsi kiganja kinavyokomaa, kwa nini udongo wa kufinyanga unatangulia penseli. Yule mama aliyetufundisha akauliza nani kati yetu ana mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Nikanyoosha mkono. Akauliza tunawafanyaje. Nikajibu bila haya, mbele ya wote, kwamba wangu nilimnyoosha alipokuwa na miaka minne. Nilieleza na namna: kitambaa, mkono wa kushoto umefungwa nyuma ya mgongo wakati wa kula na wakati wa kuandika, na kofi dogo akikifungua kitambaa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kushoto au kuume kunatokana na jinsi ubongo wa mtoto ulivyojipanga, haikuwa adabu mbaya, na kwamba mtoto hapaswi kulazimishwa. Halafu akaendelea na somo. Mimi sikusikia tena lolote siku ile.

Nilikuwa nafuata desturi, Furaha. Bibi yako alikuwa hapokei kitu kilichotolewa kwa kushoto, na niliogopa watu waseme mtoto wangu hana heshima. Lakini wewe ulikuwa mtoto uliyechora sana kabla ya kile kitambaa. Ulichora ukutani kwa kipande cha kaa: kuku, mitumbwi, chukudu ya mbao ya kubebea mizigo yenye magurudumu mawili yaliyolingana. Baadaye uliacha kuchora. Nilisema umekua. Mpaka leo unakata mboga kwa kushoto, unashona kwa kushoto, na kuandika unaandika kwa kuume, taratibu, umeminya kalamu mpaka kidole kinapata sugu. Jioni ile ya somo nilirudi nikakukuta unafanya kazi za shule mezani, nikasimama mlangoni nikikutazama kama nilivyofundishwa kutazama. Ukaniuliza, "Mama, nini?" Nikasema hakuna kitu.

Kilikuwepo kitu. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuambia jioni ile ile.

Umeniuliza nilipata nini ambacho sikuwa nacho nilipowalea ninyi. Nilipata macho ya kukuona wewe, yakaja yamechelewa miaka kumi na zaidi. Watoto wengine wameyafaidi. Tangu hapo wamepita kwangu wa kushoto watano, na kila mmoja nimemkalisha upande wa kushoto wa benchi, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, karatasi nikaiinamisha upande unaomfaa. Ni kitu kidogo sana, hakihitaji pesa. Hakuna dada mkubwa anayekijua bila kuambiwa.

Kuhusu ripoti, acha yale maneno makubwa ya Kifaransa uliyonisomea. Chukua mtoto mmoja kati ya wale wa wiki sita, yule ambaye sura yake inakujia ukifumba macho. Andika siku ya kwanza ulimwonaje, siku ya mwisho ulimwonaje, na ni nini kilichobadilika, kwake au machoni pako. Wala usifiche ulipokosea. Msimamizi aliyeifanya kazi hii atajua kama umeficha.

Jirani yetu anapanda boti kesho asubuhi kuja Bukavu. Nimempa bahasha ya kahawia, ndani mna daftari langu lile la mafunzo na kifuko cha mawe ishirini, nimeyaosha. Majina ya watoto nimeyabandikia karatasi juu kama tulivyoagizwa, kwa hiyo usijaribu kuyabandua, na daftari lisitoke mikononi mwako. Ukurasa wa mtoto wa mkoba nimeukunja pembe. Uwe bandarini mapema, jirani ana haraka na hatakungoja.

Mama yako