Barua kwa Mwanangu: Usman au St-Pierre?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kwamba hujambo. Umeniuliza ni nani kati ya Kamaru Usman na Georges St-Pierre anayestahili kuitwa bingwa mkubwa kuliko wote wa uzani wa welta katika UFC, ile ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko, yaani uzani wa wapiganaji wa kilo 77, na umekwisha kumchagua Usman kwa sababu yeye humaliza kazi, ilhali St-Pierre, kwa maneno yako, alikuwa akikusanya pointi tu. Mimi namtanguliza St-Pierre, ingawa hoja yako ina uzito.

Ni kweli kwamba baada ya kumshinda BJ Penn mwezi Januari 2009, St-Pierre, yule Mkanada, alitetea mkanda mara saba na mara zote saba majaji ndio walioamua, na lile pambano la mwisho, dhidi ya Johny Hendricks mwaka 2013, wengi tuliona kwamba lilimponyoka. Usman, mzaliwa wa Auchi nchini Nigeria, alitetea mkanda mara tano, na katika mapambano matatu kati ya hayo hakuwahitaji majaji: alimvunja taya Colby Covington, akammaliza Gilbert Burns baada ya yeye mwenyewe kuyumbishwa katika raundi ya kwanza, na akamlaza Jorge Masvidal kwa ngumi ya kulia.

Lakini hizo pointi unazozibeza zilikuwa na maumivu yake. Litazame pambano la Montreal la Desemba 2010, uone jinsi St-Pierre alivyomdonoa Josh Koscheck kwa ngumi ile ile fupi ya mkono wa kushoto, raundi baada ya raundi, hadi jicho la kulia likafumba kabisa na mfupa unaolizunguka ukavunjika. Na usisahau kwamba Koscheck alikuwa bingwa wa mieleka wa vyuo vya Marekani, ilhali St-Pierre alitokea kwenye karate, mieleka akajifunza ukubwani. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa akiwabwaga wanamieleka.

Kinachonifanya zaidi nisiyumbe ni namna kila mmoja alivyojibu kipigo. Mwezi Aprili 2007 Matt Serra, ambaye hakuna aliyempa nafasi, alimwangusha St-Pierre katika raundi ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye St-Pierre hakutaka kubadilishana naye ngumi hata kidogo. Alimbeba hadi chini tangu mwanzo, akamkandamiza, na katika raundi ya pili akampiga kwa magoti mbavuni hadi refa akaingilia. Hakupoteza tena pambano lolote hadi alipostaafu.

Usman alikuwa anaongoza kwa pointi mwezi Agosti 2022, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, wakati mpinzani wake Leon Edwards alipotanguliza ngumi ya kushoto kama chambo, na teke la mguu wa kushoto likafuata hadi kichwani, likamzimisha na kumpokonya mkanda. Waliporudiana London mwezi Machi 2023, Edwards alinyang'anywa pointi kwa kushika uzio, na bado Usman akashindwa. Hapa lazima nimtendee haki: St-Pierre alipigwa na Serra akiwa na umri wa miaka 25, na Usman alikuwa na 35, tena mwenye magoti mabovu. Mwili wa umri huo haukupi mwaka wa kujijenga upya. Naikubali tofauti hiyo, lakini haitoshi kuziba pengo kati ya kutetea mkanda mara tisa mfululizo (ukihesabu na pambano la Penn na lile lililolitangulia) na mara tano.

Matt Hughes, aliyekuwa bingwa kabla ya St-Pierre, namweka wa tatu. Islam Makhachev, aliyeutwaa mkanda Novemba 2025, simweki popote kwa sasa, kwa kuwa sifa zake nyingi amezipata katika uzani ulio chini ya huu wa welta. Akishautetea mara tatu au nne, uniandikie tena.

Mama yako