Takwimu za FA kwa TBSS: kagua mpangilio wa watu kabla ya kuamini ramani

TBSS ni njia ya kulinganisha FA kati ya makundi ya watu, ndani ya FSL, programu za kuchambua picha za ubongo za MRI. FA ni kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi maji yanavyotawanyika kufuata upande mmoja kwenye nyuzi za ubongo. Ukimaliza hatua ya tbss_4_prestats 0.2 (0.2 ni kizingiti cha FA), folda ya stats inakuwa na faili mbili za kufanyia kazi: all_FA_skeletonised (FA za watu wote kwenye kiunzi cha njia kuu za nyuzi) na mean_FA_skeleton_mask (eneo la kiunzi hicho). Kuanzia hapo FSL haikuonyi tena. Ukikosea, ramani inatoka vilevile, na inapendeza.

Kosa baya kuliko yote ni la mpangilio. Ndani ya all_FA kila mtu ana tabaka lake, na matabaka hufuata alfabeti ya majina ya faili. Ukiziita s1, s2 mpaka s12, kompyuta inasoma s10, s11 na s12 kabla ya s2. Umri wa s2 ulioandika mstari wa pili umekwenda kwa mtu mwingine. Tumia majina kama CON_001 (mzima) na PAT_001 (mgonjwa). Kisha ingia folda ya FA, andika imglob *_FA.* (inaorodhesha picha) na ulinganishe orodha na jedwali lako mstari kwa mstari. Ndiyo, inachosha.

Jedwali la modeli: makundi mawili, safu mbili za 1 na 0. Usiongeze safu ya tatu ya 1 tupu, maana zile mbili zikijumlishwa tayari zinatoa 1 kwa kila mtu, na modeli inakosa jibu moja. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe -D, chaguo la randomise (amri ya kupima iliyo hapa chini) linaloondoa wastani wa data.

Umri uondolewe wastani wa watu wote, si wa kila kundi. Tuseme wazima 20 wana wastani wa miaka 30, wagonjwa 20 wana 40. Wastani wa wote ni 35. Mgonjwa wa miaka 42 anaandikwa 7. Ukimwandikia 2, ile tofauti ya miaka 10 imebaki ndani ya tofauti ya makundi, na ugonjwa utabebeshwa lawama za uzee. Ila makundi yakipishana umri kiasi hicho, hata hesabu sahihi haiyatenganishi vizuri. Hilo lilipaswa kushughulikiwa wakati wa kuchagua watu. Mtikisiko wa kichwa nao upewe safu yake.

Halafu pima kwa kuchanganya watu bila mpangilio mara nyingi (-n ni idadi ya mara):

randomise -i all_FA_skeletonised -o tbss -m mean_FA_skeleton_mask -d design.mat -t design.con -n 5000 --T2

Jaribu kwanza na -n 500 uone kama inakwenda. Kwa 5000, p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hii kwa bahati tu) ya 0.05 bado inayumba kama 0.006 juu au chini, kwa hiyo usishangilie 0.048.

Faili ya tfce_corrp, yenye p zilizosahihishwa kwa wingi wa vipimo, huhifadhi 1 kutoa p: tazama 0.95 kwenda juu, au 0.975 kama umepima pande zote mbili.

Na FA ikipanda usikimbilie kusema nyuzi zimeimarika. Mahali zinapokatizana, kundi moja la nyuzi likifa FA hupanda. Pitisha MD (wastani wa mtawanyiko wa maji) na RD (mtawanyiko wa kukatiza nyuzi) kwenye amri ya tbss_non_FA, uzisome pamoja na FA.