Pampu ya insulini isiyo na mrija: soma hii kabla ndugu yako hajaituma kutoka Uingereza

Mkuu, umeeleza kwamba binti yako ana miaka 9, ana kisukari aina ya kwanza, anachomwa Mixtard (insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya muda wa kati kwenye sindano moja) asubuhi na jioni, na mdogo wako aliyeko London ameahidi kukutumia ile pampu ya kubandika mwilini. Umeuliza kama ni kitu cha kweli na kama uipokee. Mimi naitumia. Ni kitu cha kweli kabisa na imenipa maisha ambayo sikuwahi kuyategemea. Pamoja na hayo, ushauri wangu ni kwamba usiipokee sasa hivi, na naomba unipe nafasi nieleze kwa urefu kwa sababu hapa tunazungumzia uhai wa mtoto.

Kisukari kilinianza nikiwa Tanga, kidato cha pili. Nilianza na Mixtard hiyohiyo anayochomwa binti yako. Nilipohamia Uingereza nikabadilishiwa nikapewa kalamu mbili, moja ya insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, nyingine ya insulini ya haraka kwa kila mlo. Desemba 2023, NICE, taasisi inayoamua matibabu gani yalipiwe na huduma ya afya ya umma ya hapa, ilipitisha kwamba watoto wote wenye kisukari aina ya kwanza, na watu wazima ambao sukari yao haijadhibitika vizuri, wapewe pampu zinazowasiliana na kihisi cha sukari. Utekelezaji wake umepangwa kwa miaka 5. Kliniki yangu iliniweka kwenye orodha, na zamu yangu ilipofika nikachagua isiyo na mrija.

Ninayotumia inaitwa Omnipod 5. Kuna nyingine za kubandika, kama Medtrum, lakini nitasema ya ninayoijua. Podi yenyewe ni kiboksi kidogo cha plastiki chenye gundi upande mmoja. Unavuta insulini ya haraka kutoka kwenye kichupa kwa bomba la sindano, unaijaza podi, unaibandika nyuma ya mkono, tumboni, pajani au juu ya makalio, kisha unaiamuru kwa kidhibiti, kifaa kinachofanana na simu. Inalia tik, tik, tik, halafu sindano inaingia na kutoka kufumba na kufumbua, na kuacha kimrija laini cha milimita chache chini ya ngozi. Hicho ndicho kinachopitisha insulini usiku na mchana kwa siku 3, kisha unabandua na kuweka nyingine mahali pengine. Pampu za kawaida hukaa kiunoni na mrija mrefu unaopita ndani ya nguo. Hii haina. Naoga nayo, naogelea nayo, navaa dera bila kutafuta pa kufungia mashine.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni kudhani podi inapima sukari. Haipimi. Kihisi ni kifaa kingine, unakibandika peke yake, na ni lazima kiwe aina inayokubaliana na pampu, kwa mfano Dexcom G6 au FreeStyle Libre 2 Plus. Kihisi kinapeleka kipimo kwenye podi, na kila baada ya dakika 5 podi inakadiria sukari itakuwa wapi saa moja mbele, kisha inaongeza, inapunguza au inasimamisha insulini ili kuifikisha kwenye lengo uliloliweka, kati ya 6.1 na 8.3 (mmol/L, kipimo cha sukari ninachokitumia humu mote).

Faida kubwa kwangu ni usiku. Kila mwenye kisukari cha aina hii anajua hofu ya kulala. Sukari inashuka saa tisa usiku ukiwa usingizini, unaamka umelowa jasho, mikono inatetemeka, unapapasa glasi ya maji ya sukari gizani, au huamki kabisa. Miaka mingi mume wangu alikuwa akiamka kunishika shingo kuona kama nimelowa. Akinikuta nimelowa ananiinua, ananinywesha juisi, anasubiri nizungumze maneno yanayoeleweka ndipo anarudi kulala. Sasa pampu ikiona sukari inaelekea chini inakata insulini mapema, mara nyingi kabla sijahisi kitu. Juisi bado iko kando ya kitanda na kengele ya kihisi bado hulia baadhi ya usiku, ila mume wangu analala. Kwa hiyo namwelewa sana mdogo wako. Ameona watoto wa huku wanavyolala, anamtakia mtoto wa nduguye hayohayo.

Sasa kuhusu chakula, na hapa naomba uwe makini. Pampu haijui binti yako amekula nini. Kabla ya kila mlo lazima mtu aiambie: gramu kadhaa za wanga. Ndiyo hesabu iliyonichukua muda mrefu kuliko mashine yenyewe, maana vitabu nilivyopewa kliniki vimejaa mkate, viazi na tambi, na mimi nyumbani napika ugali, wali wa nazi, mihogo na chapati. Nililazimika kununua mizani ya jikoni. Gramu 100 za wali uliokwisha kuiva zina karibu gramu 28 za wanga. Mihogo ina nyingi zaidi, karibu 38. Ugali unapima unga kabla ya kuusonga, gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa takriban gramu 75, kisha unagawa kwa sahani. Na si wanga peke yake. Chipsi kuku au pilau yenye mafuta mengi hupandisha sukari kwa kuchelewa, saa 3 au 4 baada ya kula, wakati umeshajisahau. Ugali na mchuzi mwepesi wa samaki hauna tabia hiyo. Hakuna mashine itakayokufundisha haya. Yanatoka kwenye daftari, mizani na kupima.

Ukijua hesabu hii, mtoto anaishi vizuri hata kwa sindano. Usipoijua, pampu ya bei yoyote itakuwa inakimbiza sukari nyuma kila baada ya mlo.

Hatari yenyewe ni hii. Ukiwa kwenye pampu, mwilini huna insulini ya muda mrefu. Yote ni ya haraka, inaingia tone kwa tone, na insulini hiyo huisha nguvu baada ya saa chache tu. Kimrija kikipinda chini ya ngozi, gundi ikiachia, au mtoto akijigonga kwenye fremu ya mlango podi ikabanduka, insulini imekatika. Hayo hutokea kwa pampu za kila aina. Mtoto wa Mixtard akikosa dozi moja ya jioni anabaki na mabaki ya asubuhi. Mtoto wa pampu hana akiba. Sukari inapanda, ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini) zinaanza kujengeka, mtoto anakunywa maji sana, tumbo linamuuma, anatapika, anapumua kwa kina na kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali mara moja.

Ndiyo maana kila aliye kwenye pampu hubaki na kalamu au sindano ndani ya mkoba, pamoja na vijiti vya kupimia ketoni. Mimi nimefundishwa hivi, na naishika: sukari ikizidi 14 na haishuki baada ya pampu kutoa dozi ya kurekebisha, napima ketoni, najichoma insulini kwa kalamu kwanza, ndipo nabadilisha podi. Sindano kwanza kwa sababu huwezi kuiamini podi ambayo hujui imeharibikia wapi. Huku ninapoishi nina nambari ya simu ya muuguzi wa kisukari anayeijua mashine hii kitufe kwa kitufe. Jiulize ni nani utampigia wewe usiku wa manane, na kama daktari wa zamu aliyeko karibu amewahi kuiona podi.

Nakuja kwenye mahesabu. Podi moja ni siku 3. Ikifika saa 72 inalia, inakupa saa 8 za nyongeza, halafu inajizima hata kama bado ina insulini. Kwa hiyo ni podi 10 kwa mwezi, zaidi ya 120 kwa mwaka ukiweka na za akiba, juu yake vihisi. Podi haichajiwi wala haijazwi upya, unaitupa. Huku huanzishwa na timu ya kisukari ya hospitali kwa mgonjwa anayehusika, si kitu ambacho mdogo wako ataingia duka la dawa na kukichukua kwa jina la mtoto aliye nchi nyingine. Akipata boksi moja kwa mtu aliyebakiwa nazo, hiyo ni nusu mwezi tu, na podi za toleo la zamani haziendani na kidhibiti cha toleo jipya. Zikiisha, mtoto anarudishwa ghafla kwenye dozi za zamani ambazo pengine hazimfai tena.

Kuna la insulini pia. Kwenye podi huingia insulini ya haraka tu, kama NovoRapid au Humalog. Mixtard haiingii, Insulatard haiingii, Lantus haiingii. Na podi haianzi kazi mpaka uijaze angalau uniti 85. Tuseme binti yako anatumia uniti 15 kwa siku. Kwa siku 3 ni uniti 45. Zilizobaki, karibu 40, unazitupa pamoja na podi. Podi 10 kwa mwezi ni uniti 400 zinazokwenda kwenye taka, na kichupa kizima cha mililita 10 kina uniti 1,000. Niliyekulia Tanga, niliyemwona mama yangu akizunguka maduka ya dawa na kichupa tupu mkononi akitafuta kingine, siwezi kukuandikia hesabu hiyo kama jambo dogo.

Joto nalo. Insulini iliyoko kwenye podi inakaa juu ya ngozi, haiko kwenye friji wala kwenye chungu cha maji. Mchana wa Machi mtoto akicheza juani, insulini ya siku ya tatu inaweza kupungua nguvu na hutaiona kwa macho. Gundi nayo inaachia kwa jasho. Nilipokuja likizo nyumbani nililazimika kuifunga kwa plasta za ziada na kubadilisha kabla ya siku zake.

Utauliza: nisipoipokea, nifanye nini basi? Kwanza muulize daktari wa binti yako kama yuko tayari kuhamishwa kutoka Mixtard kwenda mpango wa insulini mbili, ya muda mrefu na ya haraka kwa kila mlo. Mixtard inamlazimisha mtoto ale kwa saa na kwa kiasi kilekile, awe na njaa asiwe nayo. Mpango wa insulini mbili ndio unaoigwa na pampu, na kwangu mimi hatua hiyo ilileta nafuu kubwa hata kabla sijaijua pampu. Unahitaji kupima mara 4 au zaidi kwa siku, kwa hiyo vijiti lazima viwepo. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama ina kliniki ya watoto iliyo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children, unaofanya kazi Tanzania na Kenya na unaowapa watoto insulini na vifaa bila malipo. Chama cha Kisukari Tanzania pia watakuelekeza.

Mdogo wako naye usimkatishe tamaa, mpe kazi. Atume mizani ya jikoni, vijiti vya ketoni, na vijiti vya sukari vya mashine ileile unayotumia (vya mashine nyingine havisomi). Kama ana uwezo wa kutuma kitu kila mwezi, basi agharamie kihisi peke yake bila pampu. Kihisi cha Libre 2 Plus kinakaa siku 15, ni viwili kwa mwezi badala ya podi 10, na vikichelewa njiani mtoto hapungukiwi insulini, mnarudi tu kupima kwa kidole. Kengele ya sukari kushuka usiku itakuamsha wewe na mama yake. Hiyo peke yake ni sehemu kubwa ya kile ninachokipenda kwenye pampu yangu.

Kuna aliyeuliza pia kama mwenye pampu anaweza kufunga Ramadhani: pampu inasaidia kupunguza insulini ya mchana, lakini kisukari aina ya kwanza kimo kwenye kundi la hatari kubwa kwa kufunga, na mtoto wa miaka 9 asijaribiwe. Mtu mzima azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla, na akishuka chini ya 3.9 afungue papo hapo.

Mkuu, tuandikie hapa dozi zake za sasa za asubuhi na jioni, vipimo vya siku chache kabla ya kula na kabla ya kulala, na anakula nini shuleni. Sitakubadilishia dozi, hiyo ni ya daktari, ila nitakusaidia kupanga maswali ya kumpelekea kliniki ijayo, na nikuandalie jedwali la wanga la vyakula vyetu nilivyopima mwenyewe.