Barua Zenu: Mbwa Kambadilisha Mzee Wangu

*Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wasomaji*

Habari za kazi daktari. Mume wangu kastaafu ualimu, akawa mtu wa kukaa kibarazani na simu tu, haongei, hali vizuri, usiku halali. Kijana wetu akatuletea mbwa, sio wa mbegu ya nje, hawa hawa wetu wa kawaida, jina lake Simba. Sasa mzee kabadilika. Saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani na mbwa, akirudi anaongea, anakula, na anasalimiana hata na jirani ambaye tulikuwa hatusemeshani. Watu wanasema kaiga mambo ya wazungu, yeye anasema Simba anamfundisha kuishi. Kuna ukweli hapo ama ni uzee? – Mama wa Moshi

Shikamoo mama. Ukweli upo tena mkubwa, muache mzee na mbwa wake.

Nianze na hilo la uzungu maana ndo linaniuma. Mbwa ndo mnyama wa kwanza kabisa binadamu kumfuga, kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla hata hatujajua kulima, watafiti wanakadiria ni zaidi ya miaka 15,000 sasa, na huku kwetu wafugaji wamelala na mbwa bomani vizazi na vizazi, fisi akija nani anamsikia wa kwanza? Kuna mbwa anaitwa basenji, asili yake misitu ya Kongo, wawindaji wa kule walikuwa naye zamani sana kabla Waingereza hawajaanza kumpeleka kwao na kumzalisha miaka ya 1930. Chakula cha kopo na kulala kitandani sawa, hivo ndo vimetoka kwingine, ila kukaa na mbwa ni kwetu kabisa.

Sasa anafundisha nini. Wengi watakwambia uaminifu, na watamtaja Hachiko wa Japani, yule aliyekuwa anaenda stesheni ya Shibuya pale Tokyo kumpokea Profesa Ueno akitoka kazini, profesa akafariki Mei 1925 na mbwa akaendelea kwenda stesheni mpaka na yeye alipokufa Machi 1935. Ni stori ya kweli na inaliza. Lakini mi naona somo kubwa liko kwenye mambo madogo ya kila siku, kwamba mbwa akifanya kitu anakifanya chote. Akikupokea getini anakupokea mwili mzima, mkia, masikio, kiuno, hata kama ulitoka dakika kumi tu kwenda dukani. Akilala kalala kweli. Akicheza kacheza. Mzee alikuwa kibarazani mwili tu, akili iko kwenye simu na kwenye hesabu za pensheni, na mbwa hiyo haimuingii kabisa, atakuja atakusukuma mkono na pua mpaka umwangalie, na ukishamwangalia bas umeshatoka kwenye simu.

Na hilo la kuangaliana sio dogo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu huko Japani waliwaweka watu chumbani na mbwa wao nusu saa, wakapima mkojo wa wote wawili kabla na baada, wale waliotazamana machoni kwa muda mrefu homoni ya oksitosini ilipanda kwa mtu na kwa mbwa pia, ndo homoni ile ile inayofanya kazi mama akinyonyesha. Wakajaribu na mbwamwitu, ndugu zake wa porini, waliolelewa na watu tangu wadogo, haikutokea. Kwa hiyo mzee akisema anajisikia vizuri mwamini, mwilini kuna kitu kinafanyika.

Halafu la matembezi. Mwambie asimvute kamba kila akisimama kunusa. Pua yetu ina vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6 hivi, ya mbwa inafika mpaka milioni 200, 300, kwa hiyo pale kwenye kile kichaka anasoma gazeti la mtaa mzima, nani kapita, lini, alikuwa mgonjwa au mzima. Amuache amalize. Na nadhani hapo ndo ilipo siri ya jirani yenu mama, mbwa kasimama kunusa mbele ya geti lake, mzee hana pa kwenda, jirani katoka, wakasalimiana. Mtu anayetembea na mbwa anatembea kwa mwendo wa kuonana na watu, sisi tuliobaki tunapita tu.

Assalaam alaykum daktari. Nyumbani kwetu hatufugi mbwa na sitafuga. Je Muislamu ana la kujifunza kwa mnyama ambaye kwetu ni najisi? – Kijana wa Ngamiani, Tanga

Waalaykum salaam. Mi sio shehe, la hukumu kamuulize ustadhi wako, ya kuosha mara saba na moja kwa udongo unayajua, na madhehebu yenyewe hayajafanana, Shafii mnaofuata huko pwani mnasema najisi, Maliki wanasema mbwa aliye hai ni twahara. Ila fungua Sura ya Al-Kahf aya ya 18, wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele pale kizingitini, katajwa humo humo kwenye Kitabu pamoja nao. Na kwenye Bukhari ipo hadithi ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani akashuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anahema anakula udongo unyevu kwa kiu, akasema huyu kapatwa na kile kilichonipata mimi, akarudi chini akajaza kiatu maji, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha, na Mungu akamsamehe.

Huyo mtu hakumfuga yule mbwa, aliona kiu yake tu. Kama unataka la kufanya, bakuli la maji nje ya geti wakati wa jua kali linatosha, mbwa koko wa mtaani watakunywa na wewe hujamgusa hata mmoja.

Niaje daktari, niko Nakuru. Nasoma watu wakisifu mbwa wao nashangaa. Wangu namfunga mchana kutwa, usiku namwachilia alinde. Amekuwa mkali hadi kwa watoto wangu. Kuku akipotea nikimwendea anainamisha kichwa, masikio chini, unaona kabisa anajua kosa lake, namchapa, kesho anarudia. Huyu anifundishe nini? – Baba Kevo

Poa Baba Kevo, na asante kwa kuandika wazi hivi, maana mbwa wa namna hii ni wengi kuliko wa yule mzee wa Moshi.

Kwanza hiyo sura ya kujua kosa. Alexandra Horowitz, mtafiti wa New York, aliichunguza akatoa matokeo 2009, wenye mbwa walikatazia mbwa wao kipande cha chakula halafu wakatoka chumbani, mengine yakapangwa ili wakati mwingine mwenye mbwa aambiwe kala kumbe hakula. Ikaonekana ile sura inakuja pale anapogombezwa, awe kala au hajala, na ambao hawakula kitu wakagombezwa bure ndo waliiweka zaidi. Kwa hiyo mbwa wako hakwambii nimekosa, anakwambia nakuogopa. Hajui unamchapia kuku wa jana.

Ndo maana mi sipendi ile kauli kwamba mbwa anasamehe kila kitu. Hapana, anakumbuka sana, nenda karibu na mbwa aliyepigwa na ufagio uone atakavojikunja ukishika ufagio wa kufagilia tu. Kitu anachoweza, na binadamu wengi kinatushinda, ni kwamba ukibadilika kweli anakubali umebadilika. Hakuwekei kikao, hakukumbushi ya mwaka jana, anaangalia leo umefanya nini na kesho umefanya nini, na taratibu mwili wake unalegea. Hilo hutaliona mpaka uanze wewe.

Uanzie hapa. Mnyororo wa mchana kutwa toa, mjengee banda lenye kivuli na nafasi, na jioni mtoe kwa kamba hata nusu saa akanuse dunia. Chakula ulete mwenyewe kwa mkono wako, ugali na omena au utumbo uliochemshwa ni sawa, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe inavunjika inamchoma ndani. Kuku wajengee uzio, hilo ni la uzio sio la adabu. Watoto wasimsogelee kwa sasa. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa nenda wiki hii hii, halafu kila mwaka, na akimuuma mtu yeyote osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri dalili kwa sababu dalili zikishaanza hakuna tena dawa ya kumponya.

Siku moja utamuona kashusha mikono chini kainua makalio juu mbele yako. Usishtuke, anakualika mcheze. Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado alikaa miaka mingi akiangalia wanyama wa ukoo wa mbwa wakicheza, akaona ile ishara inakuja hasa karibu na kuumana kwa mchezo, kabla au mara tu baada, kama vile kusema hapa bado tunacheza usinielewe vibaya. Mi hilo nalipenda kupita yote. Fikiria ndani ya nyumba mtu akitania kwa nguvu akaona mwenzake kabadilika uso, anasimama hapo hapo anasema samahani nilikuwa natania, kabla halijawa kidonda cha miezi.

Niandikie ukiona amelegea, nataka kujua.

Daktari, binti yangu wa miaka saba analilia mbwa. Nimepanga vyumba viwili Kimara, natoka asubuhi narudi usiku. – Mama Joy

Mama Joy usichukue sasa. Mbwa anaweza kuishi miaka 10 mpaka 15, na peke yake ndani ya chumba kutwa nzima atateseka na wapangaji wenzako watateseka na kelele. Muombe jirani mwenye mbwa mpole aliyechanjwa, binti awe anaenda na mtu mzima kumpa maji jioni. Afundishwe kwanza kumuachia mbwa anuse mkono, asimguse akiwa anakula, amelala au ana watoto, na mbwa asiyemjua akimjia asikimbie, asimame tuli mikono chini, asimkazie macho. Ukihamia penye uwanja na mwenye nyumba akakubali nitakuelekeza pa kuanzia, ila yeyote akikuuzia mtoto wa mbwa wa chini ya wiki nane kataa, bado ni wa mama yake.